Chai, Oksijeni na Presha ya Kogo

Paukwa! Najua mmeitikia, hata kama ni moyoni. Basi sikilizeni, vijana wa Sigowet, na ninyi wa Litein, Kapkatet na Bomet, na hata wewe uliyeko Mombasa ambaye chai unaijua ikiwa ndani ya kikombe tu. Leo sina sungura wala fisi. Mhusika wa hadithi yangu haonekani, hanuki, na umeshamvuta puani mara kadhaa tangu uanze kusoma. Jina lake oksijeni.

Twendeni kwanza kiwandani, kwa sababu huko oksijeni hufanya kazi yake peupe. Majani mawili na chipukizi, yaliyochumwa asubuhi na kupimwa kwenye kituo cha kununulia, hufika kwa lori yakiwa mabichi na ya kijani. Hutandazwa yanyauke kwa saa kadhaa, kisha hupitishwa kwenye mashine za meno zinazoyakata, kuyararua na kuyasokota. Simama hapo mashine zinapoyatema. Kinachotoka ni kitu kama makapi mabichi, bado kijani. Subiri kidogo. Kijani kinaanza kuiva kuwa manjano, manjano inaelekea rangi ya shaba, na ile harufu ya nyasi iliyofyekwa inaondoka, inaingia harufu ya chai. Hakuna aliyetia rangi wala manukato.

Kumetokea nini? Ndani ya jani zima mna kemikali ziitwazo polifenoli, na mna kimeng'enya chenye uwezo wa kuzibadilisha, ila viwili hivyo vimekaa vyumba tofauti. Mashine ikilirarua jani, vyumba vinabomoka, vinakutana, na oksijeni ya hewani inaingia kati. Polifenoli zinapokonywa elektroni zake, zinaungana upya, zinakuwa kitu kingine chenye rangi na ladha nyingine. Kupokonywa elektroni namna hiyo ndiko wanasayansi wanakoita uoksidishaji.

Fundi wa zamu anainama, anachota gao la majani, ananusa, anatazama. Akiwahi kuyatoa, chai itakuwa kali na yenye ubichi, akichelewa, itapooza. Wakati ukiwadia, majani yanasukumwa kwenye mashine ya kukaushia, draya kama wanavyoiita wenyewe, na joto linakiua kile kimeng'enya. Uoksidishaji umekoma. Ile draya muishike vizuri akilini, maana kisa chote cha presha kinategemea swali moja: nani anazima kazi ya oksijeni inapokuwa imetosha?

Mwili wako nao unaoksidisha mchana na usiku. Kimyet, yaani ugali, uliyokula jana inachomwa ndani ya chembe hai kwa kutumia oksijeni, katika vijumba vidogo viitwavyo mitokondria, na nguvu ya kukimbia kwenda shule inatoka hapo. Karibu oksijeni yote inayotumika humo huishia kuwa maji. Lakini kiasi kidogo hutoroka njiani kikiwa kimebeba elektroni moja ya ziada isiyo na mwenzake. Oksijeni ya namna hiyo inaitwa supaoksidi, na pamoja na ndugu zake tutaiita oksijeni kali. Haitulii. Inagusa kila kilicho karibu nayo: mafuta ya kuta za chembe, protini, hata DNA.

Msiifanye kuwa shetani wa hadithi, lakini. Chembe nyeupe za damu huitengeneza oksijeni kali kwa makusudi ili kuua vijidudu. Wapo watoto wachache wanaozaliwa na hitilafu katika kimeng'enya cha kuitengeneza, na maisha yao huwa ni maambukizi juu ya maambukizi. Kwa hiyo tunaihitaji, kwa kiasi chake, mahali pake.

Draya ya mwili inayoizima supaoksidi iligunduliwa kwa kuchelewa. Mwaka 1969, katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, Joe McCord na Irwin Fridovich walitangaza kwamba protini moja iliyokuwa ikijulikana kwa madini yake ya shaba tu, bila mtu kujua inafanya nini, kumbe kazi yake ni kuituliza supaoksidi. Inaigeuza kuwa haidrojeni peroksidi. Hiyo nayo bado ni kali, ndipo vimeng'enya vingine vinaipokea. Kimoja mmeshakiona kikifanya kazi. Ulipoanguka ukachubuka goti, ukapelekwa zahanati, ukamwagiwa ile dawa inayotoa povu jeupe kwenye kidonda, dawa ile ilikuwa ni haidrojeni peroksidi. Povu lilikuwa oksijeni ya kawaida, na aliyeitoa ni kimeng'enya kiitwacho katalezi kilichomo kwenye damu yako, kikiivunja sumu ile kuwa maji na oksijeni. Nadhani ni onyesho zuri la sayansi kuliko mengi ya darasani, ila mwenye goti huwa analia hatazami.

Oksijeni kali ikizalishwa kwa wingi kuliko uwezo wa vimeng'enya hivi kuizima, hali hiyo huitwa mkazo wa uoksidishaji. Jani limepitwa na wakati wa draya.

Sasa tutoke kiwandani tuingie nyumbani. Tuseme ni kwa kogo wako, yaani bibi yako, upande wa Sigowet, na mlangoni amesimama promota wa afya na mkoba wake. Hawa mnawajua: Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa kuwapa vifaa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, na miongoni mwa vifaa hivyo ni mashine ya kupima presha.

"Chamgei, kogo. Naomba mkono wa kushoto."

"Mimi sina presha, mwanangu. Hata kichwa hakiniumi."

"Presha haipigi hodi, kogo. Tuangalie tu."

Kitambaa kinazungushwa mkononi juu ya kiwiko, kinajaa upepo, kinabana hadi kogo anakunja uso, kisha kinaachia taratibu. Mashine inaonyesha 168 juu, 102 chini. Promota hasemi neno. Anamwacha kogo apumzike, miguu chini, mgongo umeegemea kiti, halafu anapima tena. 164 kwa 100. Hapo anaandika kwenye daftari na kumwambia aende hospitali akapimwe siku nyingine, kwa sababu vipimo vya siku moja havitoshi kumpachika mtu ugonjwa.

Namba ya juu ni nguvu ya damu kwenye ukuta wa mshipa wakati moyo unasukuma, na ya chini ni nguvu iliyobaki moyo unapolegea. Mtu mzima aliye na 120 kwa 80 yuko vizuri. Ikifika 140 kwa 90 na ikarudia kuwa hivyo hospitalini siku tofauti, hiyo ni presha. Na kogo hasemi uongo: kichwa hakimuumi. Watu wengi wenye presha hawasikii chochote mpaka siku mwili unapooza upande mmoja, moyo unashindwa, au figo zinachoka.

Lakini kwa nini ukuta wa mshipa usukumwe kwa nguvu kiasi hicho? Mishipa midogo inayopeleka damu mwilini ina misuli. Misuli ikilegea, njia inapanuka na damu inapita kwa raha. Ikikaza, njia inabana na moyo unalazimika kusukuma zaidi. Nani anaiambia misuli ilegee?

Jibu lilipatikana kwa kosa la mtu mmoja. Mwaka 1978, mjini New York, mtaa wa Brooklyn, mwanasayansi Robert Furchgott alikuwa akifanya majaribio kwa vipande vya mshipa mkubwa wa sungura. (Nilisema sina sungura leo, samahani, kaingia.) Msaidizi wake alikosea mpangilio wa hatua za jaribio, na dawa waliyotarajia ikaze mshipa ikaulegeza. Bosi mwingine angefoka na kuamuru jaribio lirudiwe. Furchgott aliuliza kwa nini. Akagundua kwamba siku zote walipokuwa wakiandaa vipande, walikuwa wakiusugua na kuuondoa utando mwembamba wa ndani ya mshipa, utando wenye unene wa chembe moja tu. Ukiwepo utando, mshipa unalegea. Utando ukisuguliwa, mshipa hautii. Yeye na John Zawadzki walichapisha habari hiyo mwaka 1980.

Maana yake utando ule unatuma ujumbe. Miaka kadhaa watafiti walimsaka mjumbe huyo, na kitu cha ajabu ni kwamba kabla hawajamjua jina, walishamjua adui yake. Mwaka 1986 ilionekana kwamba ukiongeza supaoksidi, ujumbe unakatika; ukiongeza kile kimeng'enya cha McCord na Fridovich, ujumbe unadumu zaidi. Mwaka uliofuata mjumbe alitambuliwa: ni gesi, nitriki oksidi, molekuli ndogo ya atomu mbili ambayo huishi sekunde chache tu. Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Hapa ndipo hadithi zetu mbili zinapokutana, na ningependa msome polepole. Nitriki oksidi nayo ina elektroni moja isiyo na mwenzake. Supaoksidi ikikutana nayo, zinashikana papo hapo, kwa kasi ambayo hata ile draya ya mwili hushindwa kuiwahi. Hasara inakuwa mara mbili. Kwanza, mjumbe wa kulegeza mshipa amepotea, kwa hiyo misuli inabaki imekaza. Pili, mseto uliozaliwa, uitwao peroksinitriti, ni mkali kuliko wazazi wake wote wawili. Na huo mseto huharibu kisaidizi ambacho utando wa mshipa unakitegemea katika kutengeneza nitriki oksidi. Kisaidizi kikiharibika, kimeng'enya kilichokuwa kikitoa nitriki oksidi hakisimami kazi. Kinaendelea, ila sasa kinatoa supaoksidi. Mtambo uliokuwa ukileta nafuu umegeuka kuwa chanzo cha madhara. Ndiyo maana mshipa ulioanza kuharibika una tabia ya kuendelea kujiharibu.

Nani hukoroga mambo hadi kufika hapo? Mmojawapo ni homoni iitwayo angiotensini. Figo zikihisi damu haiji kwa nguvu ya kutosha, huanzisha mlolongo wa kuitengeneza, nayo hukaza mishipa na kuzuia chumvi isitoke. Ni kazi njema ukiwa umetokwa na damu au kuharisha sana. Mwaka 1994 Kathy Griendling na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, walionyesha kwamba angiotensini pia huiamsha misuli ya mshipa itengeneze supaoksidi, kwa kimeng'enya cha ukoo mmoja na kile cha chembe nyeupe zinazoua vijidudu. Silaha ya vita inafyatuliwa ndani ya nyumba. Moshi wa sigara huongeza oksijeni kali, kisukari vilevile, moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha vilevile, na umri, ambao hakuna anayeukimbia.

Sasa kuna jambo wauzaji wa dawa za chupa hawawaambii. Presha yenyewe, ikishapanda, huuvuta na kuuumiza ukuta wa mshipa, na ukuta ulioumia hutoa oksijeni kali zaidi. Kwa hiyo mara nyingi ni vigumu kusema kipi kilitangulia. Katika panya wa maabara, ukizima baadhi ya vyanzo vya supaoksidi, presha inashuka. Kwa binadamu, mkazo wa uoksidishaji ni mmoja wa wahusika, pamoja na chumvi, figo, unene, kurithi na mengineyo. Msimulizi atakayekuambia ndiye mhusika peke yake anakupunja.

Na zamani wengi wetu kwenye nyanda hizi hatukuwa na presha. Mwanzoni mwa mwaka 1929, daktari wa kikoloni aitwaye C. P. Donnison alichapisha vipimo vya Waafrika 1,000 kutoka eneo lililoitwa South Kavirondo, yaani Kisii na jirani zake hadi ziwani, ng'ambo tu ya soko la Sondu ukitokea Sigowet. Alikuta presha ya wazee haipandi kwa umri kama ya Wazungu, na kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake hakukuta hata mmoja mwenye ugonjwa huo. Miongo sita baadaye, mwaka 1990, Neil Poulter na wenzake walitoa utafiti wa Wajaluo waliohama vijijini karibu na Ziwa Viktoria kwenda Nairobi. Presha ya wahamiaji ilikuwa juu ya ile ya wenzao waliobaki nyumbani, na tofauti ilionekana mapema baada ya kuhama. Mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi zaidi na potasiamu kidogo zaidi. Kwa maneno ya jikoni, chumvi imeongezeka, mboga na matunda vimepungua.

Siku hizi si lazima uhame, mji umetufuata. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta takribani mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa maishani.

Nasikia mtu pale nyuma anauliza: kama shida ni oksijeni kali, si tumeze vidonge vya kuizima? Swali zuri, na limeshajaribiwa. Nchini Uingereza watu 20,536 waliokuwa katika hatari ya ugonjwa wa moyo waligawanywa. Nusu wakapewa vitamini E, vitamini C na beta-karotini kila siku kwa miaka mitano, nusu wakapewa vidonge visivyo na kitu. Matokeo yalitoka mwaka 2002: hakukuwa na tofauti katika vifo wala mshtuko wa moyo. Ufini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Huko wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walishiriki, na mwaka 1994 ikaonekana kwamba waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa wingi zaidi ya wasiopewa. Vidonge haviendi pale supaoksidi inapozaliwa, wala havina kasi ya kuishinda nitriki oksidi kwenye zile mbio. Kuizuia isizalishwe kupita kiasi kuna maana zaidi kuliko kuifukuza ikishatoka. Dawa kama enalapril na losartan, ambazo huzuia kazi ya angiotensini, zinafanya hivyo kwa sehemu, pamoja na kazi yake kuu ya kushusha presha.

Na chai yetu je? Watafiti wa chai wa Kericho walitoa aina ya zambarau, TRFK 306, mwaka 2011. Rangi ile inatokana na anthosayanini, jamii ya kemikali zinazoweza kupokea kishindo cha oksijeni kali. Ndani ya chupa ya maabara zinafanya kazi vizuri sana. Tumboni, kiasi kidogo tu ndicho hufika kwenye damu, na kingi hubadilishwa na ini. Chai ya kawaida ikinywewa kwa miezi huweza kushusha presha kwa pointi chache. Kunywa ukiipenda, na punguza sukari. Ila anayekuuzia pakiti ya zambarau akikwambia kogo aache amlodipine, dawa yake ya presha, mwonyeshe mlango.

Kinachosaidia kinapatikana sokoni Sondu siku ya soko. Mwaka 1997 jaribio moja la Marekani lililisha watu matunda, mboga na maziwa yenye mafuta kidogo kwa wiki 8. Kwa wale wenye presha, namba ya juu ilishuka kwa wastani wa pointi 11, bila kidonge. Hapa kwetu chakula hicho kina majina yake: isagek, managu, kunde, maharagwe, ndizi, parachichi. Tahadhari moja tu, na akina mama watanisamehe: magadi tunayotia kwenye mboga na githeri ili viive haraka ni sodiamu, sawa na chumvi kwa upande huo. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi yote ya mtu mzima kwa siku isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na iliyomo kwenye mkate, krispi na kiungo cha mchuzi. Jiko lipate dirisha au bomba la moshi. Sigara, sina la kuongeza.

Jambo la mwisho linawahusu ninyi, kwa sababu mnasoma na kogo huenda hasomi. Wakimwandikia dawa, ataimeza mwezi mmoja, atapimwa 130 kwa 80, atafurahi na kuiacha, akidhani amepona. Hajapona; dawa ndiyo inaishikilia. Basi Jumapili hii, mkitoka kanisani, mwulizeni mara ya mwisho alipimwa lini. Akisema hakumbuki, msimwache akae: mchukueni mkono, mpande naye matatu hadi hospitali ya karibu, na msitoke pale bila namba zake mbili zilizoandikwa kwenye karatasi.